Waliomshea Mdogo Wangu

Mie nnafundisha Kiingereza skuli moja Jang'ombe, na kuna kitenzi kimoja siku hizi kikitajwa darasani damu inanichemka. Kushea. Kamusi inasema asili yake kwa Waingereza ni kukata: unakata chako, unampa mwenzio kipande, nawe unabaki na pungufu. Hivyo ndivyo nlivyokuwa nikiwafundisha watoto, mkate mmoja, watu wawili. Sasa wao ndio wananifundisha kuwa kushea ni kubonyeza tu.

Kwetu bibi harusi anaposingwa, chumba ni cha wanawake watupu. Somo wake, yule mwanamke anayemfunda, anamsugua mwili mzima kwa singo, ule mchanganyiko wa manukato, naye kajifunga kanga moja tu kifuani, huku wenziwe wanamwimbia na kumchezesha. Mdogo wangu, ambaye tangu avunje ungo hakuna mwanamme wa kando aliyeona hata unywele wake, siku yake ya kusingwa alicheza mpaka akalia kwa furaha. Mlangoni shangazi alikusanya simu zote kwenye kikapu. Binti wa mama yetu mdogo akatoa moja, ya pili akaificha kifuani.

Video aliyoichukua aliwapelekea mashoga zake, wanawake watupu ati. Na hao mashoga hawana kaka? Hawana waume?

Hata mwezi wa ndoa haujesha, mdogo wangu alikwenda Darajani kununua samaki, kavaa buibui lake. Muuzaji akamtazama, akatabasamu, akamwambia, "Bi harusi, kumbe kiuno unakijua." Aliacha samaki palepale. Tangu siku hiyo hatoki. Mumewe hakumlaumu kwa neno, Mungu ambariki, lakini watoto aliokuwa akiwasomesha Kurani chuoni wamepewa mwalimu mwengine, na kila nikienda kumtazama namkuta kakaa chumbani, madirisha kayafunga.

Nikamwita huyo binti wa mama mdogo aje amkabili. Alikuja na udi na machozi. Akasema hakukusudia ubaya, alikuwa anashea furaha tu. Nilitaka kumzaba kibao, na wallahi mpaka leo mkono unaniwasha.

"Anayemega mkate, wake unapungua," nikamwambia. "Wewe kimekupungua nini?"

Akatoa simu yake, akamwonesha mdogo wangu kuwa keshaifuta ile video, haimo tena. Alimwomba asahau, atoke, maisha yaendelee.

Mdogo wangu hata hakuitazama ile simu.

"Basi nitajie mwanamme mmoja mji huu," alisema, "ambaye una hakika hajaniona. Kesho ntatoka, nipite mtaa wake."

Yule binti akafikiri, akafikiri. Hakumtaja hata mmoja.