Upinde wa Mama Kipimo

Kila asubuhi, kabla hajagusa mkasi, Mama Kipimo alilaza simu juu ya meza ya kukatia nguo na kuita, "Moshi, njoo ufe!"

Moshi, mpiga pasi, alikuja mbio. Mchezo wenyewe ulikuwa wa kipuuzi: vijitu viwili vyenye miguu kama tambi vimesimama juu ya nguzo, kila kimoja na upinde wake. Unavuta kwa kidole, unaachia. Kinachochomwa goti kinaporomoka kama gunia, na karakana nzima inacheka.

Jina la Kipimo alipewa kwa sababu miaka kumi na tisa aliyokata hapo, hakuna shati lililowahi kwenda upande. Mpaka wiki iliyopita. Mashati sitini ya shule yalitoka na mkono mmoja mfupi kuliko mwingine. Bosi akamgeukia Moshi.

"Moto wa pasi yako umesinyaza kitambaa! Ijumaa tafuta pa kwenda."

Moshi aliapa weee, mpaka sauti ikamkauka. Mama Kipimo alikuwa pale pale akipanga vifungo. Aliviangalia vifungo tu.

Ijumaa ikafika.

"Leo shika simu mkononi kama watu, dada," Moshi alisema. "Kila siku unailaza na kuegemeza kiganja kama mgonjwa. Nataka nikuchape vizuri, ndiyo siku yangu ya mwisho."

Akaishika. Vidoti vinavyoonyesha njia ya mshale vikaanza kucheza, juu, chini, juu. Mshale ukaenda mawinguni.

"Simu ina homa!" Moshi alicheka. Akaichukua, akavuta upinde. Vidoti vikatulia tuli. Akamrudishia. Vikacheza tena.

Moshi akaacha kucheka. Alitazama vidole vya mwenzake, kisha lile rundo la mashati.

"Tangu lini, dada?"

"Tangu mvua zianze."

"Na ukaniacha nikaapa?"

Mama Kipimo akailaza simu mezani. Moshi hakupiga kelele, wala hakwenda kwa bosi. Alirudi kwenye pasi yake, akamwaga maji, akaanza kukunja waya. Hapo ndipo Mama Kipimo aliposhindwa. Angetukanwa, angalau angepata pa kushika.

Bosi akaingia na mzigo wa kitambaa. "Mama, kata hiki."

"Pasi haina kosa," Mama Kipimo alisema. "Mkono wangu unatetemeka. Nilikata vibaya, nikanyamaza."

"Unamtetea huyu."

Akachukua chaki, akachora mstari mmoja mbele yake. Ulikwenda upogo upogo. Bosi aliutazama, akauweka mzigo chini.

Mama Kipimo akavua utepe wa kupimia shingoni, akauweka mezani.

"Dada, kaa kwanza," Moshi alisema, waya ungali mkononi.

"Ufungue huo waya. Una kazi."

Akavaa viatu mlangoni, akatoka. Walidhani ameenda kupunga upepo, wakamwekea chai. Ikapoa. Hakurudi siku hiyo, wala Jumatatu.