Siku Nilipoipa Polinomia Digrii Yake

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikiifikiria hata leo natembea nimenyoosha shingo. Nilikuwa msichana wa sekondari hapa Bariadi, nimetoka Nkololo kwa wafugaji, na nilitaka mchepuo wa hesabu kuliko chakula. Mkuu wa shule alikuwa hataki. Alisema wasichana huishia njiani, ila akakubali nijaribiwe ubaoni mbele ya darasa zima. Nikishindwa, basi, hesabu nisahau.

Wiki ile Mwalimu Masanja alikuwa akitufundisha kuzipanga polinomia kwa digrii. Akaandika 4x + x² + 6x⁵, akaniuliza ni ya digrii ya ngapi. Nikajibu upesi: ya kwanza. Kwetu machungani kila kundi huitwa kwa jina la ng'ombe anayetangulia, na aliyetangulia pale alikuwa 4x, x isiyo na kipeo chochote juu yake. Nikaona kazi imekwisha.

Mwalimu, naye mtoto wa wafugaji, alicheka hadi akaweka chaki chini.

"Kabula, hapa si zizini kwa baba yako," akasema. "Huku kutangulia si cheo. Tafuta kipeo kikubwa kuliko vyote, hata kama kimejificha nyuma. Hapa ni cha tano, kwa hiyo hii ni ya digrii ya tano. Na acha papara. Kwanza kusanya zinazofanana."

Niliona haya, wenzangu walinicheka mpaka bwenini. Lakini maneno yale niliyashika.

Siku ya jaribio mkuu aliandika x³ + 2x + 5 − x³. Darasa likaanza kunong'ona, ya tatu, ya tatu. Ulimi uliniwasha hata mimi. Nikajizuia, nikakusanya. x³ ya mbele na ile ya nyuma zikafutana, ikabaki 2x + 5.

"Ni ya digrii ya kwanza, mwalimu," nikasema.

Mkuu akaweka alama ya vema kubwa. "Kesho ukakae na wa hesabu," akasema. Wasichana wa nyuma walipiga vigelegele hadi wa darasa la jirani wakaja kuchungulia. Nilifurahi, mwanangu, nilifurahi kupita kiasi, na sioni sababu ya kuificha furaha ile kwa kuwa nimezeeka. Hesabu niliisoma, nikaifundisha hadi nikastaafu.

Basi nisikilize. Jambo usilipime kwa kilichosimama mbele, wala usiseme kwa sababu darasa zima linanong'ona. Kusanya, futa vinavyofutana, tazama kilichobaki. Ukishakuwa na hakika, sema kwa sauti, hata mbele ya mtu anayesubiri ukosee. Mungu akutulize akili, mwanangu, na popote watakapokusimamisha, miguu yako isitetemeke.