Kunyamazisha Gari la Ndugu Yangu

Ndugu yangu mkubwa alikufa Beni kwa homa ya siku nne. Nalisema mapema, kwa sababu ya mauaji ya huko watu wakisikia Beni na kifo pamoja huuliza nani amemuua. Hakuna aliyemuua. Aliumwa Jumatatu, Ijumaa tukamzika baada ya swala, na Jumapili mimi nilikuwa nimekwisha kurudi Butembo, kwenye karakana yangu njia ya Rughenda, nashona kiti cha teksi. Watu walinisifu eti nina imani. Haikuwa imani. Nilikuwa nimekufa ganzi, na yule mwenye teksi alikuwa anangoja kiti chake.

Ndugu yangu aliacha gari. Ni la zamani, refu, la viti saba, na baba alilinunua kabla sijazaliwa. Ndugu yangu ndiye aliyeliendesha miaka mingi kati ya Beni na Butembo, akibeba maharusi, wagonjwa na magunia. Injini yake hunguruma huku ikikohoa, na mtaa wetu wote unaijua. Baada ya mazishi baba alikataa kuliuza. Kila asubuhi aliliwasha betri isije ikafa, akazunguka nalo kidogo, akarudi nalo uani.

Siku ya arobaini nilikwenda Beni kwa hitima. Wageni walipoondoka, mama aliniita jikoni. Yeye huniita baba, kwa kuwa nimerithi jina la baba yake.

“Baba, ile motokari,” akasema. “Kila ikiingia mu parseli, hapa uani, mwili yangu inasimama yenyewe. Najikuta nimesha kuweka chungu ya sombe yake ku moto. Kisha naona ni mzee wako njo anatoka ndani. Itaniua.”

“Nitainyamazisha, mama. Njo kazi yangu.”

“Kweli?”

“Kweli kabisa.”

Nilimdanganya. Kazi yangu ni kuvisha magari kwa ndani: viti, milango, dari, sakafu. Lami na eponji ninazobandika humpa utulivu aliyekaa ndani. Aliye nje husikia injini vilevile. Hilo nalijua tangu nilipokuwa mwanafunzi wa kazi. Lakini mama alikuwa amesimama mbele yangu na mwiko mkononi, akinitazama, na sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Nikamwomba baba ufunguo, nikaondoka na gari.

Niliwaambia wateja wangoje. Nikatoa viti vyote saba, nikang'oa zulia na mbao za milango, gari likabaki bati tupu. Ukiligonga kwa kifundo cha kidole lililia kama debe. Chini ya pedali, pale joto la injini lilipokuwa likipita, kandambili za ndugu yangu zilikuwa zimeyeyuka kidogo kidogo mwaka hata mwaka, zikaacha alama mbili nyeusi za visigino. Nilizikwangua kwa kisu. Nikafagia, nikamwaga nje. Nangoja hadi leo nisikie kitu moyoni juu ya jambo hilo.

Kisha nikaosha bati kwa petroli, nikaliacha likauke. Vipande vya lami vyenye karatasi ya aluminiamu nilivipata kwa mwagizaji mmoja wa mjini, ambaye huvileta kwa ajili ya mapaa. Umeme wa kwetu si wa kuuamini, kwa hiyo navilainisha kwa pasi ya makaa, navibandika, halafu navisukuma kwa chupa tupu ya soda mpaka hewa yote itoke. Vitundu vya kutolea maji haviguswi, ukiviziba gari litaoza. Palipo na joto kali, mbele ya miguu na juu ya sanduku la gia, niliweka tabaka mbili. Juu ya lami nikatandaza mpira wa ndani ya matairi ya lori, juu ya mpira eponji, na zulia mwisho. Nilikuwa sijawahi kufanya kazi safi namna ile. Hata ndani ya milango nilijaza, mahali ambapo hakuna mteja aliyewahi kuniomba nijaze. Mtu wa Butembo akisumbuliwa na kelele za gari huongeza muziki, basi.

Jirani yangu wa karakana, fundi wa rangi, Mnande wa kabila la hapa na Mkatoliki, alikuwa akija kusimama na kutazama, akichanganya Kifaransa chake.

“Mais, mutu mwenye kuwa inje si ataisikia tu?”

“Ataisikia.”

“Donc, uko unaifanyia nani?”

Nikamwambia anipe kisu. Akanipa, halafu akasema, “Kwetu mutu akikufa, tunaliaga kwa makelele mpaka sauti inaisha. Nyinyi munaliaga wapi?”

Nikaendelea kukata eponji. Siku ya msiba baba alisimama mlangoni, akasema machozi ruhusa, makelele hapana, hiyo si dini yetu. Mama alijifunika mdomo kwa mtandio. Sijamsikia akipaza sauti tangu siku ile.

Jumanne moja nikalirudisha Beni. Nilifunga vioo, na barabara ile ninayoijua kwa mashimo yake ikapita kimya. Miguu yangu ilikuwa baridi, joto la injini halikuifikia. Nilijisifu mpaka Kabasha, katikati ya njia, kisha nikaanza kuona aibu, kwa sababu kila kilomita ilinisogeza kwa mama na uongo wangu.

Nilipoingia uani alikuwa amekwisha kutoka jikoni, akijifuta mikono. Nilimwona kupitia kioo. Midomo yake ilikuwa inasema kitu, nami sikusikia. Baba alikuwa kwenye mkeka wake kibarazani, hatua kumi hivi, akivuta tasbihi.

Nilifungua mlango nikashuka bila kuzima injini.

“Nimeisikia tangu ku kona,” mama akasema.

“Mama, nilikudanganya. Mimi nanyamazishaka ndani tu. Inje hapana.”

Hakukasirika. Alitazama ndani, akabonyeza zulia kwa kiganja. “Ndani hapana kusikia kitu?”

“Hapana.”

“Na mwenye kuwa inje, anasikia ya ndani?”

Ilinichukua muda kumwelewa. “Injini ikiwa inawaka, hapana,” nikasema.

Akaketi kwenye kiti cha dereva, akavuta mlango. Nikamwona akishika usukani kwa mikono miwili, akiinamisha kichwa, na mdomo wake ukafunguka wote, kama wa mtu anayeita ng'ambo ya mto. Niligeuka nikamtazama baba. Alikuwa anahesabu tasbihi yake, hakuinua uso. Injini ilikohoa, kuku wakapita. Nilisimama nimeegemea mlango, na kwa mgongo nilisikia bati likitetemeka. Ama ilikuwa injini, ama ilikuwa yeye.

Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na sauti imemkauka. Akatengeneza mtandio wake, akaniachia mlango wazi.

“Na weye,” akasema. “Ingia.”

“Mimi niko muzima, mama.”

“Ingia, baba.”

Nikaingia, nikafunga. Sikulia. Niliogopa sana, nalisema wazi, niliogopa kwamba sitalia kamwe. Nje midomo ya baba ilikuwa inaadhini alasiri na sikumsikia, na mama alikuwa ameegemeza mgongo wake kwenye mlango wangu, ananingoja.