Baraka ya Kidevuni

Kwa joto la juzi, daktari wa dispanseri yetu ya Lubumbashi aliacha mlango wazi, nasi wa foleni tukasikia yote. Kila alipomuuliza msichana wa sekondari, mama mtu ndiye aliyejibu.

"Ndevu zake ni baraka, dokta. Mwanamuke wa ndevu anakuwaka na feza!"

Msichana akamkatiza: "Mama, na damu ya mwezi kukosa tangu Pasaka, nayo ni baraka?"

"Inaweza kuwa homoni," daktari akasema. "Tutapima."

Mama akashika kidevu chake mwenyewe. "Basi mupime na miye. Zangu ninanyoaka kila asubui."

Foleni nzima tukashangilia kama uwanjani! Baraka nimeziona nyingi, lakini ya kufukuzwa kwa wembe, hii ndiyo ya kwanza.