Mume wa Jumapili

Nakhumicha alikuwa na mume, tena wa pete na wa kanisani, lakini tangu aje Nairobi hakuwahi kumwona akiamka. Hebu fikiria. Wote wawili wako mji mmoja, na mwanamke hajui kama mumewe akiamka hunyoosha mikono kwanza au hukohoa kwanza. Mimi Kanini nilikuwa yaya wa nyumba ya jirani pale Muthangari. Ua wa miiba wa kayaba ndio uliotutenga, na kila tulipoanika nguo za watoto wa Wazungu aliniletea habari hiyohiyo. Alitaka kumpikia mume wake chai ya asubuhi, basi. Nilimwambia waume wakiamka hawana uzuri wowote. Alicheka, kisha akarudia palepale.

Mumewe, Joash, alikuwa fundi wa mawe, akichonga mawe ya jengo refu kule mjini, Delamere Avenue. Mkewe alimwita Fundi, na hakuna aliyelitamka neno hilo kwa madaha kama yeye. Joash alilala Shauri Moyo, katika chumba cha wanaume peke yao. Jumapili walitoka kanisani pamoja, wakala chakula kwenye kijumba cha Nakhumicha nyuma ya nyumba kubwa, na jua likianza kuzama Joash akapanda baiskeli akaenda zake. Nakhumicha alisimama barabarani akiitazama ile baiskeli mpaka mimi ndiye niliyeona haya. Hata likizo ya kwenda kwao Kimilili hawakupewa wakati mmoja.

Memsabu wake hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Alikwenda hadi kwa wakili mjini kuwaulizia kama Joash anaweza kulala pale na mkewe. Alirudi uso umemwiva: hati ya kiwanja ilisema Mwafrika au Mhindi asilale pale, isipokuwa awe mtumishi wa mwenye nyumba. Habari za mume hazikuwamo. Miaka ya baadaye masharti ya namna ile yalifutwa, na nasikia kuyafuta hakukuwa kazi kubwa. Watu walikaa, wakaandika, wakatia sahihi. Nikikumbuka hivyo hasira hunipanda mpaka leo, kwa maana mikono ya kuandika ilikuwepo siku zote.

"Mimi naweza andika yeye shamba boi," Memsabu akamwambia. "Halafu nyinyi nalala pamoja, hakuna maneno."

Nakhumicha alimpelekea Joash habari hizo Jumapili. "Lakini Fundi, usikubali," akamwambia. "Mikono yako si ya kukata nyasi."

"Nyasi nazo hukatwa na watu," Joash akajibu. Siku chache baadaye aliacha kazi ya mawe akahamia Muthangari, blanketi lake likiwa nyuma ya baiskeli.

Asubuhi ya kwanza nilichungulia katikati ya kayaba, nisiseme uongo. Nakhumicha alikuwa ameweka birika na viazi vitamu, ameketi juu ya debe, anamtazama mume wake akinywa chai utadhani mtu mwingine hajawahi kunywa chai duniani. "Anakohoa kwanza!" akaniambia baadaye, akijipiga paja kwa kicheko. Nilimwonea wivu, na niliona vizuri kumwonea wivu.

Furaha ile ilitiwa mchanga na mtoto asiye na kosa. Memsabu alikuwa na binti mdogo aliyelelewa mgongoni mwa Nakhumicha, na Kiswahili chake chote alikitoa kinywani mwa Nakhumicha. Asubuhi moja mpira wake uliangukia kwenye maua. Joash alikuwa bado ameshika kikombe.

"Boi! Lete mpira!"

Joash akaweka kikombe chini, akaingia kwenye maua, akautoa mpira, akainama kumpa. "Ndiyo, memsabu kidogo," akasema.

Siku hiyo Nakhumicha alianika nguo bila kunisemesha. Nilipomchokoza akasema tu, "Ameitikia, Kanini. Hakusitasita hata kidogo."

Zilikuwa siku za hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, na maofisa walipita wakikagua vijumba vya watumishi. Walifika kwao wakati wa chai, Mzungu mmoja kijana na askari wake Mwafrika. Memsabu akatoka barazani, akamwashiria Nakhumicha kwa kichwa: sema tulivyopatana.

"Hii iko nani?" Mzungu akauliza.

Joash akasimama mwenyewe. "Shamba boi, afande."

Yule Mzungu hakumtazama hata. Alimgeukia Nakhumicha. "Wewe, sema kweli. Hii iko boi, ama iko bwana yako? Boi nalala hapa. Bwana yako, hapana."

Nilikuwa nyuma ya kayaba. Nilimwomba kimoyomoyo: sema boi, mwanamke, sema umalize chai yako. Nilijua alivyoitamani asubuhi ile, hakuna aliyejua kunishinda. Nakhumicha alimtazama Joash.

"Ni mume wangu," akasema.

"Nakhumicha!" Joash akamwita kwa sauti ya chini. Yule askari akaangalia viatu vyake. Memsabu akaingia ndani, akafunga mlango.

Joash aliamriwa asionekane pale jua likizama. Hakusubiri jua. Alilifunga blanketi nyuma ya baiskeli, akamshika mkewe mkono mbele yetu sote, jambo ambalo wanaume wa siku zile hawakulifanya, akaondoka bila kazi ya mawe wala ya nyasi.

Nilishindwa kujizuia, nikamfokea Nakhumicha kupitia kwenye miiba. "Neno moja tu! Ungesema boi, kesho ungeamka naye!"

Alikuwa analia, na hakujificha.

"Ningesema boi, Kanini," akanijibu, "kesho ningeamka na nani?"