Kompyuta ya Shinyanga na Shikamoo Yangu

Mimi ni Serafina, mama Bujiku wa Katoro. Kuandika nimejifunza ukubwani, kwenye madarasa ya jioni, na herufi zangu zinakwenda zinavyotaka. Anayeona zimepinda naye apinde kichwa asome. Naandika kwa sababu wako watu wanasema niliwahi kufukuzwa kazi kwa kiburi. Kiburi ninacho. Kufukuzwa, hapana.

Miaka ya tisini nilikuwa nashika redio kol kwenye duka la Zakir. Tuliuza mabati, misumari, karai, sululu na kamba za wachimbaji. Kazi ile nilipewa kwa sababu ya sauti. Nikiita kutoka Katoro, Shinyanga wananisikia hata mvua ikinyesha. Zakir alikuwa na maduka matatu, Shinyanga, Katoro na Buseresere. Kila asubuhi tulisalimiana redioni, tukaambiana nini kimepungua, ndipo lori likapakiwa.

Mwaka wa tisini na saba Zakir akanunua kompyuta, akaiweka Shinyanga. Akaja kutueleza, furaha imemjaa kama mtu aliyepata mtoto.

"Mama Bujiku, sasa maduka yote yako ndani ya mashine moja. Nikikaa pale naona kila msumari wa Katoro."

"Msumari wa Katoro uko Katoro," nikamwambia. "Huu hapa nimeushika."

"Wenyewe uko hapa. Habari zake ziko kule."

"Na habari zangu mimi?"

Akacheka. Alidhani natania.

Pamoja na mashine alikuja kijana anaitwa Donatus, amesomea mambo hayo Dar es Salaam. Asubuhi ya kwanza nikaita, "Shinyanga, Shinyanga, Katoro hapa. Mwangaluka! Ova." Nikasubiri. Kwetu Usukumani kazi haianzi watu hawajaulizana wameamkaje.

Sauti ikarudi: "Katoro, leta namba."

Nikadhani hakunisikia. Nikarudia salamu.

"Bibi, mashine haili salamu. Umeme huku ni wa mgao, sasa hivi unakatika. Taja mabati!"

Mgao ulikuwepo kweli, simsingizii. Lakini umri wake ni wa kitinda mimba wangu. Nikabonyeza. "Nipe shikamoo yangu, nikupe mabati yako. Ova." Nikakunja mikono.

Redio ile husikika na wote. Taufiq, msimamizi wa Buseresere, akaingilia: "Wewe kijana, mwamkie mama tupate zamu na sisi!"

Donatus akakataa. Eti akianza na mmoja ataamkia mkoa mzima. Umeme ukakatika, mashine ikalala njaa. Kesho yake vilevile, na kesho yake tena. Lori la Katoro halikupakiwa, maana mashine haikujua tunataka nini. Wachimbaji wakaja kuulizia sululu, wakaondoka wanatukana.

Zakir akafunga safari. Hata chai hakunywa. "Mama Bujiku, unaniua. Kuanzia leo unasoma namba tu. Hutaki, Herman anashika redio."

Herman, mpakiaji wetu, alikuwa mlangoni anaangalia miguu yake. Mimi nilikuwa na wajukuu wanaokula kwa kazi ile, na Zakir alilijua hilo.

"Mpe Herman," nikasema. "Ng'ombe wa baba yangu hatukuwakamua kabla ya kuwaita majina. Mimi siyo ng'ombe."

"Kusoma namba ni sekunde chache tu!" Akavuta kiti changu, akakaa mwenyewe. "Angalia." Akabonyeza. "Shinyanga, Katoro hapa."

Asubuhi ile redio ilikuwa inakoroma, sauti ya mtu huitambui. Donatus akajibu mara moja: "Herman! Afadhali wewe. Kale kabibi wamekaondoa? Haya taja, na salamu zako peleka kanisani."

Herman akajiziba mdomo. Zakir akabonyeza tena. "Siyo Herman. Mimi Zakir."

Redio ikakoroma tupu. Halafu: "Shikamoo bosi! Shikamoo sana! Pole na safari, bosi! Barabara ikoje? Nyumbani hawajambo?"

Nilicheka mpaka kanga ikanidondoka begani. Zakir mwenyewe hata miaka arobaini alikuwa hajafika! "Zakir mwanangu," nikamwambia, "mbona shikamoo hiyo mashine imeila yote?"

Alitaka kukasirika, akashindwa. Akafuta uso kwa leso, akabonyeza. "Donatus. Yuko mama Bujiku hapa. Mwamkie." Akainuka kwenye kiti changu.

Nikakaa. Nikafunga kanga vizuri, sikuwa na haraka.

"Shikamoo, mama." Kasauti kadogo, kama ka mtoto aliyelazimishwa.

"Sijasikia. Ova."

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba. Umeamkaje? Mama yako mzima? Huko mvua mmepata?"

Akajibu yote. Buseresere nzima ilikuwa inacheka hewani, Taufiq mbele. Ndipo nikamtajia mabati, misumari, sululu, polepole, moja moja, na umeme ukawa bado upo.

Kazi ile niliishika mpaka simu zikafika Katoro. Donatus hakunipenda hata siku moja, na sikumwomba anipende. Aliniamkia kila asubuhi, kuna mgao, hakuna mgao.