Namba Chini ya Rangi

Mtaani walimwita Pasi, kwa sababu bati lililopita mikononi mwake lilitoka kama shati la kwenda harusini. Gari likiletwa limekunjamana ubavu mzima, mwenyewe karibu alie, Pasi alilizunguka kimya, akalipapasa kwa kiganja huku amefumba macho, kisha akasema, "Liache." Basi. Alinyoosha, akachomelea, akapaka puti ya kujazia mabonde, akapiga msasa, na siku ya kulichukua alikushika mkono akautembeza juu ya bati, akakutaka umwonyeshe lilipokuwa jeraha. Hakuna aliyepata kuliona.

Jambo ambalo mtaa haukulijua ni kwamba Pasi alikuwa mwoga. Hakuogopa moto wa gesi, wala gari lililosimama juu ya jeki moja. Aliogopa sare. Askari akitokea upande ule wa barabara, yeye alivukia upande huu, na pasipo na pa kuvukia aliinama kufunga kamba za viatu, hata siku alizovaa kandambili. Sababu alikuwa nayo. Kazi alijifunza kwa Mzee Kipara, bingwa wa kunyoosha, na asubuhi moja alimwona Mzee Kipara akitolewa gerejini na pingu mikononi, ovaroli yake ina puti mbichi, watoto wake wamesimama getini na mabegi ya shule. Kumbe kule nyuma ya gereji mzee alikuwa akisugua namba za utambulisho zilizogongwa kwenye chasisi za magari ya wizi na kugonga nyingine. Pasi hakuguswa, yeye alikuwa kijana wa mbele, wa milango na boneti. Lakini utani ulimfuata mpaka akaota mvi. "Vipi Pasi, na namba unanyoosha?" Alicheka nao, macho yake barabarani.

Ndiyo maana shemeji yake alipomletea habari ya pikapu, moyo ulimwambia akatae.

Shemeji huyo alikuwa mjane wa kaka yake mkubwa, naye mwenyewe mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke aliyetembea kana kwamba kila uchochoro ni ukumbi wa mkutano na yeye ndiye mgeni rasmi. Marehemu alikuwa ameinunua pikapu ile kihalali na kuiandikisha kwa jina lake. Siku moja ya mvua ikapinduka na shehena ya saruji, yeye akatoka bila mkwaruzo, akaiegesha nyuma ya nyumba ili aitengeneze akipata nafasi. Nafasi haikupatikana, maradhi yakamwahi. Kadi ya gari, ile hati inayosema gari ni la nani, ilipotelea katika pilikapilika za msiba, na pikapu ikabaki kule nyuma, kuku wakitagia kwenye siti.

"Shemeji," mjane alimwambia, "nimechoka kuona mali ya mume wangu inaota kutu kama ya mtu asiye na ndugu. Itengeneze. Makaratasi niachie mimi."

"Shemeji, gari lisilo na kadi linaweza kutufikisha pabaya."

"Pabaya ni wapi? Nusu ya makarani wa mji huu nimewafundisha kushika kalamu."

Basi akaitengeneza. Alikata bati lililooza, akaunga jipya, akanyoosha paa, akaondoa kutu kila ilipojificha. Na shemeji naye akaingia ofisi hii akatokea ile: polisi kutoa taarifa ya upotevu, mahakamani kula kiapo na kuthibitishwa kuwa msimamizi wa mirathi, mpaka akafika usajili wa magari. Huko walimkubalia kwamba gari limo katika kumbukumbu kwa jina la marehemu, na namba ya chasisi wakampa. Kilichosalia kilikuwa kimoja. Gari lipelekwe kituo cha polisi, mkaguzi aione namba kwa macho yake kwenye chuma, ailinganishe na ile ya kwenye kumbukumbu. Ikilingana, kadi mpya itatoka. Isipolingana, gari litabaki kituoni, na aliyelitengeneza atakuwa na maswali ya kujibu.

Siku moja kabla ya ukaguzi, Pasi alijilaza chini ya pikapu na kitambaa na tochi ili aifute namba, mkaguzi asipate taabu. Namba za pikapu za aina ile hugongwa kwenye ubavu wa chasisi, nyuma ya gurudumu la mbele la kulia. Akapapasa.

Palikuwa laini.

Akapapasa tena, akafumba macho kama alivyozoea. Laini kama kioo. Hapo ndipo alipokumbuka kazi yenyewe. Mahali pale palikuwa na kutu nene, magamba juu ya magamba, hakuna tarakimu iliyoonekana. Fundi mwingine angepiga rangi juu ya kutu akaenda zake. Pasi hakujua kuacha. Alipitisha grinda, mashine ya kusagia chuma, akapaka puti nyembamba, akapiga msasa, akamaliza kwa rangi nyeusi ya chasisi, na alikumbuka vizuri kwamba alikuwa akiimba.

Alibaki amelala pale chini, tochi imemwangukia kifuani. Mwanafunzi wa Kipara kasugua namba. Aliyasikia maneno hayo kwa sauti za watu anaowajua, mmoja mmoja.

Jirani yake muuza vipuri, ambaye watu walimwita Spea, ndiye aliyemkuta amekaa juu ya tairi. Pasi akamweleza. Spea akaingia dukani kwake, akarudi na kopo dogo lililojaa vyuma vya kugongea namba.

"Sasa unatetemeka nini? Namba yenyewe unayo?"

"Ninayo. Shemeji kapewa usajili."

"Na gari ni la kaka yako?"

"La kaka yangu."

"Basi unagonga namba ya kweli kwenye gari la kweli. Kosa liko wapi? Hapo ni sawa na kumwandikia mtoto jina lake mwenyewe kwenye begi lake."

"Mzee Kipara naye..."

"Mzee Kipara alikuwa mwizi. Wewe ni mwoga. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa."

Pasi alilichukua kopo. Aliingia chini ya gari, akachagua chuma cha tarakimu ya kwanza, akakisimamisha juu ya rangi yake nyeusi, akainua nyundo. Mkono ulikuwa wake, lakini aliuona kama wa Kipara: kidole gumba kimeinuka vilevile, kifundo kimepinda vilevile, kama alivyofundishwa. Akawaza kwamba pengine chini ya rangi namba ya zamani bado ipo, na akigonga juu yake zitachanganyikana, na hapo hata malaika hatamwamini. Pigo moja lingetosha kumfanya kuwa kitu ambacho hangeweza kukifuta kwa msasa wowote. Jasho likamwingia machoni. Akatoka, akamrudishia Spea kopo lake.

"Haya," Spea akasema. "Ukifika jela usinitaje, mimi nina wateja."

Jioni ile alikwenda kwa shemeji. Alimkuta sebuleni, miwani puani, anapanga karatasi za kesho. Pasi hakukaa.

"Shemeji, namba haipo. Nimeisugua."

"Umeifanyaje?"

"Nimeisugua bila kujua. Ilikuwa na kutu."

Mjane alivua miwani. "Kutu. Hilo ndilo utakalowaambia polisi? Fundi aliyelelewa na Kipara, kasugua namba, na alipoulizwa akasema kutu?"

"Naweza kuirudisha nyuma ya nyumba, tuifunike turubai. Tuseme imeharibika."

Aliitazama picha ya mumewe ukutani, na Pasi akaona kwamba kwa mara ya kwanza tangu amjue, shemeji yake alikuwa akiogopa pamoja naye. Aliogopa majirani, kanisa, wanafunzi wake wa zamani waliomwamkia njiani kwa kuinama. Katika familia ile mtu alikwenda kituoni kutoa ushahidi, si kutolewa ushahidi.

"Wametuandika kwenye orodha yao," alisema mwishowe. "Tusipokwenda watakuja wao, na gari la polisi litasimama mlangoni kwangu mchana kweupe. Hapana. Tutakwenda sisi. Wakikuweka ndani, nitakaa kwenye benchi lao mpaka wafunge, na kesho yake nitarudi. Kila anayepita ataniuliza, na kila anayeuliza nitamjibu."

Pasi alijua kwamba alikuwa akiahidiwa kitu kikubwa kuliko kupelekewa chakula gerezani, na hofu yake ikaongezeka. Sasa alikuwa na mtu wa kumwaibisha.

Mkaguzi waliyemkuta kituoni kesho yake alikuwa mtu wa makamo mwenye sauti ya chini, mpole, na upole wake ulitisha kuliko kelele. Alitandika boksi lililokunjuliwa, akajilaza, akaingia chini ya pikapu. Alikaa huko muda mrefu. Viatu vyake tu ndivyo vilivyoonekana. Kisha vikasogea, akatoka, akajifuta mikono.

"Nani aliifanya kazi hii?"

"Mimi, afande."

"Ni kazi nzuri."

Pasi hakuwahi kusikia sifa iliyomtia baridi namna ile.

"Namba iko wapi?"

"Palikuwa na kutu, afande. Nilisugua kutu."

"Ulijifunzia wapi ufundi?"

"Afande," shemeji akaingilia, "huyu ni mtu wa familia ya..."

"Mama, naomba yeye."

Pasi akasema, "Kwa Mzee Kipara."

Askari aliyekuwa akiandika kwenye meza ya jirani aliinua kichwa. Mkaguzi alimtazama Pasi kwa utulivu, kama anayemtafuta mtu mwingine ndani ya uso ule.

"Namkumbuka," alisema. "Pingu nilimfunga mimi. Naomba funguo za gari. Kaa pale."

Pale palikuwa benchi la mbao lililoelekea mlango wa chuma. Nyuma ya mlango mtu alikohoa, akakohoa tena. Pasi alitazama sakafu. Alitaka kumwambia shemeji aende nyumbani, lakini shemeji alikuwa amekaa wima kando yake, mkoba magotini, akiwaitikia salamu wapita njia wote kwa sauti kamili.

Mkaguzi alirudi na chupa ndogo ya tindikali, pamba na kopo la dawa ya kuondolea rangi.

"Njoo. Utaitoa rangi yako mwenyewe, mbele yangu. Kwa mkono, si kwa mashine."

Walilala bega kwa bega chini ya pikapu. Pasi alipaka dawa, rangi ikavimba, akaikwangua. Puti ikafuata vipande vipande. Alikuwa akiharibu kazi yake kwa uangalifu ule ule alioifanyia. Chuma kikatokea, cheupe, kitupu. Hakukuwa na kitu.

"Lete tochi ubavuni, si mbele," mkaguzi akasema.

Mwanga ulipolala juu ya chuma, vivuli vikajitokeza. Tarakimu moja, dhaifu kama alama ya kucha. Nyingine. Mkaguzi akaita kwa sauti, "Mama, unayo karatasi ya usajili?"

"Ninayo!"

"Nitasoma. Wewe usinitajie. Sema ndiyo au hapana."

Akasoma moja moja, na kutoka juu shemeji akaitikia "ndiyo" kila mara, kwa sauti ya mtu anayesahihisha mtihani. Kisha mkaguzi akaacha kusoma. Mwishoni mwa safu kutu ilikuwa imekula zaidi, na huko grinda ilikuwa imekandamizwa zaidi. Palikuwa peupe.

"Alama ya kugongwa huingia chini kuliko inavyoonekana," mkaguzi alisema. "Kama hukuifikia, itarudi. Kipara alikuwa anahakikisha ameifikia." Akachovya pamba kwenye chupa, akapitisha. Moshi mwembamba ukawachoma pua. Wakangoja. Kijivu kikaanza kujikusanya kwenye chuma, taratibu, kama ngozi iliyogongwa inavyovilia damu.

"Moja," akasoma.

"Ndiyo."

"Na ya mwisho ni tatu." Akasogeza uso. "Tatu, au nane."

Pasi alijua ni nane. Aliishika namba ile kichwani tangu jana kama sala, na sasa aliing'ata isitoke, maana akisema ataonekana anaomba, na asiposema ataonekana anaficha. Mkaguzi akapitisha pamba tena. Wakangoja tena. Upande wa kushoto wa tarakimu ulikuwa mweupe, mweupe, kisha haukuwa mweupe.

"Nane," mkaguzi akasema.

"Ndiyo!" Sauti ya mwalimu mkuu ilipasuka katikati.

Walipotoka, mkaguzi aliandika ripoti yake bila haraka, akamrudishia Pasi funguo. "Ungekandamiza kidogo tu zaidi, leo ungelala ndani," alimwambia kwa upole wake. "Na mimi ningelala vizuri, nikiamini nimemkamata mwizi." Kisha akamgeukia mjane. "Kadi itatoka, mama. Itaandikwa kwamba gari hili liliharibika kwa ajali na likajengwa upya."

"Kwa nini iandikwe hivyo? Watu watasema mume wangu aliacha gari bovu."

"Ndivyo lilivyo, mama."

"Basi waandike na kwamba limejengwa vizuri."

"Hakuna nafasi ya hilo kwenye kadi."

Pasi aliendesha mpaka nje ya geti, akakata kona, kituo kikafichika nyuma ya ukuta. Alisimamisha gari, akashuka, akachuchumaa kando ya gurudumu, machozi yakimtoka bila sauti. Shemeji alishuka upande wake, akazunguka, akasimama kati yake na barabara, mkoba mbele, mgongo umenyooka.

Bwana mmoja aliyebeba mfuko wa sokoni akapunguza mwendo. "Vipi mama, kuna tatizo?"

"Hakuna," alisema. "Fundi wetu anatafuta nati. Imedondoka hapa."

"Ala! Nati haziokotwi na mtu mmoja," bwana yule akasema, akaweka mfuko wake chini, akachuchumaa. Ikabidi Pasi naye apapase mchanga, uso umeloa, na baada ya kusita kidogo shemeji akakusanya gauni lake, akainama, akaanza kutafuta pamoja nao.